Boga la Pembeni

Tone moja likadondoka. Kimya. Likadondoka jingine.

Mtu mwingine angeamka akakaze bomba, lakini Mama Pindo alijua bomba la jikoni halivuji. Sauti ile ilitoka chini ya mto wake, kwenye simu, na maana yake ilikuwa moja tu: kuna mtu amefika shambani.

Akapapasa miwani gizani. Akaifungua simu na kuishika mbali kidogo na uso, kama alivyozoea kushika sindano anapotunga uzi. Shamba likatokea, limeiva rangi kuliko shamba lolote la kweli. Mtu mdogo mwenye kofia ya majani alikuwa akipita kati ya matuta na ndoo yake. Akamwagilia mahindi, akamwagilia nyanya, kisha akaanza kuvuna maboga na kuyapanga kwenye mkokoteni.

Mama Pindo alibana pumzi. Hapa ndipo alipobana pumzi kila alfajiri.

Yule mtu akavuna boga hili na lile, akalifikia la mwisho, lile la pembeni karibu na lango. Akasimama. Hakuligusa. Mama Pindo akabonyeza alama ya mkono, na kimtu chake mwenyewe kilichosimama mlangoni pa kibanda kikapunga. Mgeni naye akapunga, akageuka, akaenda zake.

"Ahsante, baba," Mama Pindo akasema polepole. "Sijui hata umelala wapi."

Binti yake alikuwa ameinama sebuleni anafunga kamba za viatu. Alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, kwa hiyo siku yake ilianza wakati watu wengine wanageuza ubavu.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na kaka yako."

Binti akaacha kamba moja haijafungwa. "Hili si tulishaongea?"

"Uliongea wewe. Mimi nilikuwa nasikiliza tu."

"Huyo anaitwa Jirani Mwema, Mama. Kaka tangu azaliwe hajawahi kujiita mwema."

Hilo lilikuwa kweli, na wote wawili wakacheka kidogo, kila mmoja upande wake wa ukuta.

"Jina si kitu," Mama Pindo akasema. "Mtazame mkono. Mama hawezi kuukosea mkono wa mtoto wake."

Binti akainama tena. Alifunga kamba iliyobaki, akaingia chumbani, akamfunika mama yake miguu kwa sababu kulikuwa na baridi, akatoka.

Watu walimwita Mama Pindo kwa kazi yake. Alishona sare za shule, na mapindo yake hayakufumuka hata mtoto awe mtundu vipi. Mume wake alikuwa amefariki zamani. Watoto wake walikuwa hawa wawili: huyu wa mikate, na kaka yake mkubwa, mpaka rangi, aliyekwenda mji wa mbali kupaka majengo marefu. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Kisha Jumapili moja hakupiga. Iliyofuata, simu yake haikupatikana. Na haikupatikana tena.

Mtoto huyu, alipokuwa mdogo, kifua kilimsumbua. Siku za vumbi wenzake walicheza nje na yeye alikaa dirishani akiwahesabia magoli. Baba yake akahangaika, akaleta mashine ya gemu ya mtumba na kaseti moja tu. Mchezo wenyewe uliitwa Bonde la Chemchemi. Kaseti ikikataa uliipuliza, ikikataa tena uliipiga kofi dogo. Hakukuwa na vita ndani yake wala mbio. Ulilima, ukamwagilia, ukavuna. Mama Pindo alikuwa akisukuma kando nguo za watu, anashika pedi ya pili ya kuchezea, na wawili hao wanalima mpaka chakula kinaungua jikoni.

Jioni ya mavuno, katika mchezo ule, alipita mzee mwenye fimbo na mfuko mtupu. Walimwita Mpita Njia. Akikuta kitu shambani alichukua kimoja, akainamisha kichwa, akaendelea na safari. Akikuta vyote vimevunwa aliketi langoni, kichwa magotini, mpaka giza liingie. Hapakuwa na adhabu. Hukupungukiwa na chochote. Lakini mtoto alipomwona ameketi vile kwa mara ya kwanza, alilia mpaka kifua kikabana, na baba yake akakimbia kutafuta dawa.

"Mama, mwachie moja," alisema alipoweza kusema.

Tangu siku hiyo boga la pembeni, lile la karibu na lango, halikuvunwa. Kama Mpita Njia hakuja, lilikaa pale pale hadi msimu uishe. Hakuna aliyewafundisha, na Mama Pindo hakupata kusikia nyumba nyingine iliyocheza hivyo.

Basi kijana aliponyamaza, binti akaona mama yake anashona huku anaangalia mlango. Siku moja tangazo likatokea kwenye simu: Bonde la Chemchemi limerudi, jipya, bure kabisa. Binti akamwekea, akidhani litampunguzia mawazo.

Wimbo ulikuwa ule ule, ila umevutwa na kuongezwa ngoma. Vingine havikuwa vile vile. Zamani ulilala ndani ya mchezo, kukakucha, mahindi yakawa yamekua. Sasa mahindi yalikua kwa saa za kweli, na usipotaka kusubiri ulinunua mvua. Kisima kilikauka kila mara, na ndoo ya haraka iliuzwa. Hata Mpita Njia hakupita tena. Walikuwa wamemjengea duka kando ya lango, wamempa meno meupe na kilemba chekundu, na kila ulipoingia alikurukia: "Karibu rafiki! Leo kuna punguzo!"

"Hata huyu amefungua duka," Mama Pindo alisema siku ya kwanza, akaweka simu chini. "Ile ya zamani ulilipia siku moja, ikakuacha ucheze. Hii ya bure haikuachi."

Angeifuta. Lakini alfajiri iliyofuata lilidondoka tone, akaja mtu wa kofia ya majani, akavuna maboga yote akabakiza la pembeni.

Tangu hapo Mama Pindo alianza kula. Alianza kuimba juu ya cherehani. Majirani walisema sura imemrudia. Binti alipouliza kwa nini basi kaka asipige simu kama watu wengine, mama alikuwa na jibu. "Ana haya. Aliondoka ameahidi makubwa, mambo yakamwendea kombo. Kwenye simu ataniambia nini? Huku anakuja, anamsaidia mama yake kazi, anaondoka. Mwanamume akiwa na aibu ndivyo anavyoomba radhi."

Ni wakati huo huo alipopiga simu mtu mmoja, fundi viatu, aliyekuwa amepanga chumba kimoja na kijana kule mji wa mbali. Alizungumza na binti.

"Mwambie mama aje achukue vitu vya kijana wake. Mje wenyewe."

"Yeye yuko wapi?"

"Mje, dada. Mtaelewa mkifika. Haya si ya simu."

Binti akaanza kukunja nguo kwenye begi. Mama Pindo akaja akasimama mlangoni, mkasi bado mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa huyo fundi. Twende wote, Mama."

"Vitu vya mtu hufuatwa akiwa amekufa. Mwanangu hajafa. Jana alfajiri amemwagilia nyanya, nimemwona kwa macho yangu haya. Ukivifuata vitu vyake, umemzika kwa mikono yako. Na mimi usiniite mama tena."

Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hakupiga. Ndiyo maana binti alizitoa nguo kwenye begi, moja moja. Moyoni alijua si sawa. Lakini sehemu nyingine ya moyo wake nayo ilitaka kaka awe yule wa kofia ya majani. Alipompigia tena fundi viatu, baada ya muda, simu yake haikupatikana.

Mvua zikaja, zikaisha. Sare za muhula mpya zikashonwa, zikachukuliwa.

Asubuhi moja shamba halikufunguka mara moja. Kwanza yalitokea maandishi mekundu. Mama Pindo alimsubiri binti yake mpaka aliporudi kutoka tanurini, unga kwenye nyusi.

"Nisomee. Wanasema nini?"

Binti alisoma kimya, kisha akasoma kwa sauti. "Wanafunga, Mama. Mwisho wa mwezi. Wanasema mchezo haukupata wanunuzi wa kutosha. Mashamba yote yatafutwa."

"Yatatafutwa na nani?"

"Si kutafutwa, Mama, ni kufutwa. Yanaondolewa. Hayatakuwepo tena."

Mama Pindo akakaa kitandani. "Na kaka yako atapita wapi?"

Binti akamshika bega.

"Namba yake sina," Mama Pindo akaendelea, na sauti yake ikaanza kukimbia. "Anakokaa sikujui. Njia yake ni hii tu. Wakiifunga ndiyo nimempoteza. Hao watu wana ofisi? Lazima wana ofisi. Mtu hawezi kufunga kitu bila ofisi. Twende wanipe namba yake, basi, sitaki kingine."

Chini kabisa ya maandishi mekundu palikuwa na anwani ya ofisi ya kuhudumia wachezaji. Binti aliisoma mara mbili kwa sababu hakuamini. Ilikuwa hapa hapa mjini, juu ya duka la magodoro.

Walikwenda siku ya mapumziko ya binti. Mama Pindo alivaa gauni lake la harusi za watu. Mlinzi wa jengo alipoona anavyozitazama ngazi, aliacha kiti chake, akambebea mkoba hadi juu, akashuka bila kungoja shukrani.

Chumba kilikuwa kirefu na baridi. Vijana walikaa kwa safu, visikizio masikioni, kila mmoja na kioo kikubwa cha kompyuta mbele yake, na kila kioo kimegawanywa vipande vipande kama madirisha ya jengo. Msimamizi, kijana mwenye kitambulisho shingoni, aliwapokea kwa adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kumtafuta mwanangu. Hunitembelea kila alfajiri kwenye Bonde. Anaitwa Jirani Mwema. Nataka namba yake ya simu, kabla hamjafunga."

Msimamizi akamtazama binti, binti akatazama sakafu.

"Mama, habari za wachezaji huwa hatutoi. Ni sheria ya kazi."

"Mimi si mtu baki. Ni mama yake. Mwambieni tu ni Mama Pindo, atakubali."

Kwenye safu ya pili, msichana mmoja mwenye sweta kubwa alivua visikizio. "Mama Pindo? Shamba la Mama Pindo, mwenye lango la bluu?"

"Ndiye mimi."

Msichana akasimama, uso umechanua kama aliyekutana na ndugu stendi. "Ni wewe! Jamani, nilikuwa nasema huyu mama yukoje! Mimi ndiye Jirani Mwema wako!"

Mama Pindo alicheka, kwa sababu alidhani ni utani. Kisha akatazama nyuma ya msichana, kwenye kioo. Katika kila kidirisha palikuwa na shamba, na katika kila shamba kimtu chenye kofia ya majani kinatembea na ndoo. Akatazama kioo cha jirani yake. Vimtu vile vile navyo vilikuwa kule. Safu nzima ilikuwa inamwagilia.

"Wewe," akasema.

"Mimi, mama. Zamu ya alfajiri. Wachezaji wengi hawana rafiki wa kuwatembelea, ndiyo tunawatembelea sisi. Mtu akikaa peke yake anaacha mchezo."

"Na boga?"

"Boga gani, mama?"

"La pembeni. Unavuna yote, lile huligusi. Nani alikwambia usiliguse?"

Msichana akamgeukia msimamizi. Msimamizi akainua mabega. "Mwambie tu. Tunafunga hata hivyo."

"Ni kanuni," msichana akasema, na furaha ilikuwa imeanza kumtoka kwa sababu alikuwa ameuona uso wa mama. "Tunafundishwa siku ya kwanza kazini. Acha kimoja. Mchezaji akikuta vyote vimevunwa anafunga simu. Akikuta kimoja kimebaki anaingia kukivuna mwenyewe. Na akishaingia anaona duka."

"Watu wote mnawaachia?"

"Wote, mama. Ila wewe tu ndiye hukuwa unalivuna. Nalikuta lile lile, siku nenda siku rudi. Nikasema labda hajui kubonyeza. Mara ngapi nimetaka nikuvunie, naogopa kanuni."

Mama Pindo hakulia. Aliangalia mahali pa kukaa, na msichana akamsukumia kiti chake mwenyewe. Msichana akavua sweta, akamtandazia mabegani, akamimina chai kutoka kwenye chupa yake, akamshikia kikombe kwa sababu aliona hawezi kukishika.

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Hukukosea. Ulikuwa kazini."

"Wasionunua huwa wanatolewa kwenye orodha ya kutembelewa," msichana akasema kwa sauti ya chini, msimamizi akajifanya hasikii. "Wewe walikutoa zamani. Nilikuwa nakurudisha mwenyewe kila mara. Wengine hawapungi mkono. Wewe ulikuwa unapunga."

Mama Pindo akanywa chai yote, kwa heshima ya aliyeimimina. Akarudisha sweta, akalikunja vizuri kwanza, na kwa mazoea vidole vyake vikapita kwenye pindo lililokuwa limefumuka.

Mama Pindo akashuka na binti yake hadi ngazi za chini, mbele ya magodoro yaliyosimamishwa ndani ya nailoni. Hapo akaketi kwenye ngazi.

"Yule fundi viatu," akasema. "Anakaa wapi?"

"Mama..."

"Nimeuliza anakaa wapi."

"Alisema nyuma ya kiwanda cha sabuni." Binti machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Ningekwenda, Mama. Ningekwenda siku ile ile."

"Najua ungekwenda. Ni mimi niliyekushika."

Walipanda basi kesho yake. Safari ilikula mchana mzima. Kila basi liliposimama Mama Pindo alitazama majengo marefu, yale mapya yenye vyuma vya kupandia, kama anayetafuta mtu juu yake.

Fundi viatu alikuwa kwenye kibaraza chake, misumari midomoni. Alipoambiwa ni akina nani, aliitema kiganjani mmoja mmoja, na ilionekana anajipa muda.

"Sasa ndiyo mnakuja?"

"Ndiyo tumekuja," Mama Pindo akasema.

"Nilipiga simu kabla ya mvua, mama. Kabla ya mvua!"

"Nijibu jambo moja, baba, halafu unitukane upendavyo. Yu hai?"

Fundi akainama. "Alianguka kazini. Kamba ilikatika. Msimamizi wake akampakia kwenye gari hadi hospitali kuu, kule mlimani. Nilikwenda mara mbili. Nilimkuta si mtu wa kulala wala si mtu wa kuwa macho, sikujua nimwambie nini. Mara ya tatu wakaniambia amehamishwa jengo, nami nikawa nimeugua, na simu yangu nikauza. Nilipomwona mwisho alikuwa hai. Zaidi ya hapo sijui."

"Kwa nini hukuyasema kwenye simu?" binti akalia. "Ungesema neno moja tu! Hospitali! Neno moja!"

"Habari kama hiyo, dada, naisemaje kwenye simu? Mama yuko pale, sijui ana moyo wa aina gani, nimwambie mwanao kaanguka toka juu? Nilisema mje. Nikajua mtakuja."

Mama Pindo akamwekea binti mkono asiendelee. Ndani ya chumba, chini ya kitanda, fundi akatoa sanduku la kijana. Nguo zilikuwa zimekunjwa. Juu yake palikuwa na burashi za kupakia rangi, zimefungwa kwa kitambaa. Mama Pindo akaigusa moja, akakuta nywele zake laini.

"Zikikaa zinakauka zinakuwa mti," fundi akasema kwa aibu. "Nilikuwa naziosha kwa mafuta ya taa. Nikasema akipona atazitaka."

Kesho yake asubuhi walipanda mlima. Kwenye dirisha la mapokezi, jina lake halikuwepo. Binti akalitaja, akalitamka pole pole, akaeleza urefu wake, akaeleza kovu la mkono. Karani wa mapokezi akatikisa kichwa. Mfagiaji mmoja, mwanamke wa makamo aliyekuwa anakamua tambara, akasimamisha ndoo yake.

"Mpaka rangi, mmesema? Aliyeanguka?"

"Ndiye."

"Huyo ni Rangi. Waliomleta walisema anaitwa hivyo, wakaondoka. Ndivyo alivyoandikwa." Akakausha mikono kwenye aproni. "Nyinyi ni watu wake? Kumbe ana watu!"

Akawaongoza kupita majengo mawili, hatua zake akizipunguza zilingane na za Mama Pindo, na huku anasema, si kwa kulaumu. "Kichwa kiliumia, maneno yakawa yanamponyoka. Yalipoanza kurudi alikuwa ananitajia namba ya simu. Kila siku namba tofauti. Nimepiga zote kwa simu yangu, nimewaamsha watu wa watu, nimetukanwa. Saa ya wageni ndiyo mbaya. Wageni wa wenzake wakiingia anajifunika shuka gubigubi. Ukimuuliza, anasema analala."

Saa ya wageni ilikuwa imeanza. Wodi ilijaa sauti, vikapu, watoto. Kwenye kitanda cha mwisho, penye ukuta, mtu alikuwa amefunikwa shuka kuanzia kichwani hadi miguuni, na miguu ilikuwa miembamba sana.

Binti akasimama njiani, hakuweza kusogea. Mama Pindo akaendelea peke yake. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akashika pindo la shuka, akalishusha taratibu.

Alikuwa amenyolewa vizuri. Yule mfagiaji ndiye aliyemnyoa. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelala. Macho yalikuwa yale yale. Yalimtazama Mama Pindo kwa muda mrefu, kama mtu anayehofia kupepesa.

"Mama," akasema. Neno lilichelewa kutoka, likatoka zima.

"Ndiyo, baba."

"Ume... umekuja."

"Nimekuja."

"Umechelewa," akasema. Hakukuwa na hasira, alikuwa anasema jinsi ilivyokuwa.

Mama Pindo akafungua kinywa. Alitaka kumwambia kila kitu, alfajiri zote alizokaa na simu mkononi akimshukuru mtu mwingine. Alitaka kusema hakumsahau hata siku moja. "Nilidhani unakuja wewe," ndicho kilichotoka.

"Wapi?"

Akamtazama, mkono ule usiosogea, mdomo unaohangaika na neno dogo kama hilo. "Basi," akasema. "Basi, mwanangu. Nilikosea."

Binti akafika, akaangukia miguu ya kaka yake juu ya shuka, akalia kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia upande wa pili ili kuwaachia nafasi. Kijana akainua mkono wake mzima, akaupeleka hewani bila kujua autue wapi, mwisho ukatua juu ya kichwa cha dada yake.

"Unanuka... mkate," akasema.

"Nyamaza wewe," dada akasema kwenye shuka.

Daktari alipopita aliwaambia ukweli bila kuuzungusha. Mguu huenda ukafanya kazi, mkono hautarudi. Angekuja mtu mapema, wakati ule mwili unapojifunza upya, kumnyoosha na kumsemesha kila siku, pengine ingekuwa vingine. Wauguzi walikuwa wachache, walifanya walichoweza. Alisema hivyo akaandika kitu, akaenda kitanda kingine. Mama Pindo alilipokea neno lile kama lilivyo. Alijua atalibeba, na kwamba hakuna wa kumtua.

Akauchukua mkono ule uliokufa, akaanza kuunyoosha vidole, kimoja kimoja, vile alivyoona mama wa mgonjwa mwingine akifanya kando. Hakujua kama anafanya sawasawa. Kijana aliuangalia mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Kengele ikalia. Wageni wakaanza kukusanya vikapu, watoto wakaitwa. Mfagiaji akaja mlangoni na ufagio, akapita akaanza kufagia upande wa mbali, akiacha upande wao uwe wa mwisho.

Mama Pindo akasimama, akamvutia shuka kifuani, akaiacha hapo. Kijana alikuwa anapigana na maneno. Mama na dada wakasubiri bila kumsaidia.

"Kesho," akasema.

"Kesho nini, baba?"

"Njoo tena." Akapumzika, akameza mate. "Ukinikuta... nimejifunika... usiondoke, Mama. Njoo tu."